Kona Niliyoambiwa Niitoe

Ipo asubuhi moja ya Moroni ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na wewe ndiye umenirudisha huko leo. Umekuja na simu yako, ukanionyesha tangazo la shindano la kuandika hadithi za filamu, ukaniuliza, "Koko, nishiriki, au nitapoteza muda wangu bure?" Nikakuambia ngoja nimalize chai. Chai nimeimaliza. Sasa kaa, maana jibu langu si fupi, na bibi yako hapendi kukatizwa.

Wakati huo nilikuwa msichana wa Mutsamudu, kisiwani Nzuani, niliyepelekwa Moroni kufundisha shule ya msingi. Nilipanga chumba mtaa wa Magoudjou, kwa watu wa Ngazija walionicheka kila nilipofungua mdomo, kwa lafudhi yangu ya Nzuani. Ilikuwa miaka ile ya mamluki, Wazungu wa bunduki waliokuja kupindua serikali kisha wakabaki kama wenye mji. Televisheni hatukuwa nayo nchini. Filamu tuliziona sinema, na mimi nikirudi nilikuwa nawasimulia wenye nyumba yangu filamu nzima, na pale ilipoharibika naitengeneza mwenyewe.

Basi redio ikatangaza shindano. Vijana waandike hadithi ya filamu fupi, na mshindi apelekwe ng'ambo akajifunze kazi hiyo. Mwanangu, sijawahi kutaka kitu kama nilivyokitaka kile. Hata mume sikumtaka hivyo, na babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa analijua hilo na alikuwa ananitania nalo.

Aliyesimamia shindano alikuwa Bwana Saidi, karani wa makamo wa serikali, mtu mpole asiyevua koti hata jua likichoma. Alitukusanya washiriki, akatueleza kwamba filamu haionyeshi yaliyo moyoni. Andikeni jicho linachoona na sikio linachosikia, alisema, na mengine mwachieni mtazamaji. Nikalishika hilo neno. Kila nikitoka shule nilipita mtaa wa Badjanani, nikazunguka vichochoroni polepole hadi wenye maduka wakaanza kuniuliza nimepoteza nini.

Siku moja nikafuatana na msafara wa harusi. Wanawake walikuwa wamebeba masinia kichwani, wanapeleka zawadi nyumbani kwa bibi harusi, matari yanalia, nyimbo zinapokezanwa. Nikapata hadithi yangu pale pale. Bibi harusi amekaa ndani, haruhusiwi kutoka, na anausikiliza msafara ukija. Kwa masikio tu anajua umefika wapi. Sasa wako msikitini, sasa wako kwa muuza vitambaa. Halafu wanafika kwenye kona fulani, na sauti zinakatika. Bibi harusi anashika pumzi. Kimya. Kisha, mbele kidogo, tari moja linaanza tena, na jingine, na yeye anashusha mabega. Ndiyo filamu yote. Nikaimaliza, nikaipeleka ofisini siku ya mwisho, mbio, viatu mkononi.

Haikupita muda mrefu Bwana Saidi akaniita. Ndiyo asubuhi hiyo ninayokuambia.

"Mwalimu," akasema, "hii yako imezipita zote nilizosoma." Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikashindwa vyote viwili. Ndipo akaweka kidole kwenye ukurasa. "Hapa kwenye kona. Kwa nini wananyamaza?"

"Sijui, Bwana Saidi. Nimeandika nilichosikia."

Na kweli nilikuwa sijui, mwanangu. Tulikuwa tumekwisha kuzoea. Kwenye kona ile kulikuwa na lango la nyumba waliyokaa mamluki, na mji mzima ulikuwa ukifika pale unapunguza sauti bila kuambizana. Nami nilikuwa nikipunguza. Nilipomtazama Bwana Saidi, na yeye akanitazama, ndipo nikaelewa nilichokiandika.

"Binti yangu," akasema taratibu, "hizi karatasi zitasomwa na wakubwa hapa kabla ya kwenda ng'ambo. Waache wanawake waimbe tu mpaka mlangoni kwa bibi harusi. Itoe hiyo kona, mimi naituma, na nadhani utakwenda. Usipoitoa, wataniuliza mimi nani aliyeipitisha. Nina watoto."

Hakunitisha hata kidogo. Alikuwa ananiomba. Nikamwambia ngoja nifikirie, naye akanipa muda mpaka likizo iishe.

Nikapanda meli nikaenda Mutsamudu, kwa mama mkubwa aliyenilea, nyumbani kwake mtaa wa Hombo. Nilimkuta na jirani zake wawili, anasaga msindzano kwenye jiwe, ule msandali tunaopaka usoni. Nikawasomea nakala niliyobaki nayo. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, basi nikawa naigeuza papo hapo kwa lugha ya kwetu. Walicheka kwenye masinia, wakanisahihisha wimbo, wakasema watu wa Ngazija hawajui kupiga tari. Nilipofika kwenye kona, mama mkubwa akaacha kusaga.

"Kumbe na nyinyi huko?" akasema.

Jirani mmoja akaitikia, "Ewa, kumbe na wao." Akaeleza jinsi gari la mamluki likipita pale mjini anavyowaita watoto ndani kwa sauti ya kawaida, kana kwamba chakula kiko tayari, ili wasijue kuwa anaogopa. Mwingine alikuwa akifuta macho kwa ncha ya shiromani yake, ile shuka ya kujitanda. Kabla ya hapo sikuwahi kumsikia mtu akilitaja jambo lile, si Moroni, si Mutsamudu.

Ndipo nikamweleza mama mkubwa niliyoambiwa na Bwana Saidi. Nilitarajia aniambie, mwanangu, itoe, nenda zako ukasome. Angeniambia hivyo ningefurahi, sikufichi.

"Hao watu wanataka kukupeleka wapi?" akauliza.

"Kujifunza filamu, mama. Kujifunza kutazama mambo."

"Na wewe umeshatazama. Sasa unataka kufumba macho ili wakupeleke kujifunza kutazama?" Kisha akaniona nimenyanyua kichwa kwa kiburi, naye hakupenda kiburi. "Na usijifanye shujaa. Wewe ukiiacha karatasi ile mezani kwake, atakayeulizwa ni yule bwana. Kama unaitaka kona yako, ibebe wewe. Usimbebeshe baba wa watu."

Hilo la pili, mwanangu, ndilo lililonichoma zaidi. Nilikwisha kujiona nimesimama mbele ya wakubwa nikisema kweli, na Bwana Saidi sikumkumbuka hata kidogo.

Nikarudi Moroni, nikaenda ofisini. Nikamwambia, "Bwana Saidi, kona siitoi. Wala sitaki uitume. Nirudishie karatasi zangu, useme sikuwahi kuleta kitu." Niliyasema hayo huku naziona ng'ambo zote zikiondoka.

Akainuka, akafunga mlango, akazitoa karatasi zangu kwenye mtoto wa meza na kunipa kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akasema, "ofisi yangu ni hapa, nyumba yangu ni kule Badjanani. Kila asubuhi nikifika kwenye kona ile navuka barabara. Nimevuka miaka yote hii nikijiambia kwamba nafuata kivuli." Akajaribu kutabasamu, midomo ikamkataa. "Nilipoisoma ndipo nilipojua. Iandike tena, na tena. Usiache kuandika."

Sikwenda ng'ambo. Alikwenda kijana mwingine, hadithi yake ilikuwa nzuri, nikampa mkono kumpongeza, kisha nikaenda chumbani nikalia mpaka wenye nyumba wakadhani nimefiwa. Baadaye nilishiriki mashindano mengine. Mengi nilishindwa. Moja nilizawadiwa redio isiyo na betri. Lakini sijapata tena msomaji kama Bwana Saidi.

Basi jibu lako ni hili, mwanangu. Shiriki. Mimi kabla ya shindano lile nilikuwa na mianzo ya hadithi tu, tele, na mwisho hata mmoja. Siku ya mwisho ya kupeleka ndiyo iliyonimalizisha. Na mtu asiyekujua akikusoma anaona usichokiona wewe wala jirani zako, kwa hiyo akikuuliza "kwa nini hapa?" usinune, kaa na swali lake. Wakikuambia uondoe kitu, jiulize kwanza kama ni mafuta tu au ni moyo. Mafuta, kata bila huruma, wewe nawe maneno yako ni mengi. Lakini wakigusa kile kilichokukalisha chini uandike, omba karatasi zako kwa adabu na uondoke, na usimtukane aliyekukatalia, kwa maana hujui yeye anavuka barabara gani. Ukishinda, nitapiga vigelegele. Ukishindwa, njoo unisomee mimi, nami nitawaita jirani.

Mungu akufungue macho, akupe mkono usiotetemeka. Akupe mwisho wa kila hadithi utakayoianza. Na siku moja akukalishe mbele ya mtu atakayekusikiliza mpaka pale anapoumia, aache kazi yake, akwambie, "Kumbe na wewe?" Amina, mwanangu. Amina.