Unga Chini ya Chungu

Nilipokuwa mtoto, kabla sijajua kwamba dunia inaendelea ng'ambo ya milima ya Matumbi, niliamini kuwa ardhi husikia. Bibi yangu, Mwanahawa, ndiye aliyenifundisha hivyo. Kila mwaka kabla ya kupanda, ukoo wetu ulikusanyika chini ya msolo, mti wetu wa matambiko, na mkubwa wa ukoo akamwaga unga wa mtama kidogo kidogo kutoka vidoleni, akiwataja wafu wetu mmoja mmoja. Unga ulijilundika ukawa na ncha kama paa la msonge. Kisha fatiha ilisomwa, chungu kikafunikwa juu yake, na watu wakaenda kulala. Asubuhi chungu kilifunuliwa. Ncha ikikutwa imesimama, wazee hao waliokufa wamekubali. Ikikutwa imebomoka, wamekataa.

Kwetu ilibomoka. Miaka yote ninayoikumbuka ilibomoka, na mtama wetu ukatoka mabua matupu, na mama alizika watoto wawili wachanga.

Aliyemwaga unga alikuwa Babu Saidi, mdogo wa marehemu babu yangu. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Wakati wa Majimaji, miaka mingi kabla sijazaliwa, babu yangu Abdala alikunywa ile dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, akaenda kupigana na Mjerumani. Mdogo wake hakuinywa. Nyumba nyingi za milimani ziligawanyika hivyo, wengine porini na mikuki yao, wengine nyuma ya askari wa Mjerumani na mizigo kichwani. Siku askari walipofika kwenye pango ambamo Abdala alijificha na majeruhi, mtu aliyetembea mbele yao alikuwa Saidi. Abdala hakutoka hai. Wapo waliosema Saidi alikuwa amefungwa kamba shingoni. Wapo waliosema hapakuwa na kamba. Nimewasikiliza wa pande zote mbili, na kwa umri wangu huu bado siwezi kusema.

Vita viliisha, njaa ikaja, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaingia, na mjane na shemeji yake wakaendelea kuchota maji kwenye kijito kimoja. Hawakugombana. Walisalimiana kama watu wanaopishana sokoni. Lakini Bibi alituambia kwamba kila mwaka, akimwaga unga, Saidi aliliruka jina la kaka yake. Alitoka kwa baba yao akaenda moja kwa moja kwa wale waliokufa utotoni. Ndiyo maana unga hausimami, Bibi alisema. Ardhi inajua nani hajaitwa.

Nilipofika kama miaka minane, baba alichoka. Alisikia kwamba jumbe mmoja wa upande wa Kinjumbi anagawa bonde lenye udongo mweusi, akaenda, akapewa. Tukashuka mlimani siku mbili kwa miguu, mama akiwa na mimba kubwa. Safari ile naikumbuka kama ndoto ya mtu mwenye homa. Ukungu ulipanda kutoka mabondeni hadi nikaona kichwa cha baba tu kikielea mbele yangu, na jogoo wetu akawika ndani ya tenga ambalo sikuliona limebebwa na nani.

Bibi alikubali kuja kwa sharti moja: unga umwagwe kwanza. Ukibomoka na huku, yeye angerudi mlimani, na baba asingeweza kumwacha mama yake arudi peke yake. Sote tungerudi. Mama alilijua hilo. Tulipofika aliketi juu ya mizigo yetu, akakataa kufungua hata furushi moja.

"Nikifungua nitafunga tena," alimwambia baba. "Sina mgongo wa kufunga mara mbili."

Ila unga haumwagwi na yeyote tu. Mkubwa wa ukoo alikuwa Saidi, naye tulimwacha mlimani. Siku ya tatu, alasiri, tulimwona anakuja, mzee mwembamba, mfuko mdogo begani. Nadhani baba ndiye aliyempelekea habari, ingawa hakukiri kamwe. Baba alimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba, kisha akabaki amesimama juani kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

Bibi aliitazama miguu yake iliyojaa vumbi.

"Shemeji," alisema, "njia umeijua mwenyewe, au kuna kamba?"

Baba akainamisha kichwa. Mzee hakukasirika.

"Safari hii hakuna kamba, shemeji."

Jioni ile ile tulipata msolo mdogo pembeni ya bonde. Saidi akapiga magoti, akaanza. Majina yalitoka polepole, na unga ukashuka mweupe katika mwanga ule wa mwisho kama moshi unaorudi ardhini. Alipomaliza la baba yao, vidole vilisimama hewani. Nilimtazama Bibi. Alikuwa ameshika ncha ya kanga yake kwa meno.

"Abdala," mzee akasema. "Kaka yangu Abdala, ambaye niliwaleta watu mlangoni kwake."

Akamwaga. Alipoanza fatiha sauti ilimwisha, baba akaimalizia.

Alfajiri niliamka nikakuta mahali pa Bibi pamebaki mkeka mtupu. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni. Nilimfuata kwa kusikia nyayo zake kwenye umande, nikamkuta chini ya msolo, chungu kimeshafunuliwa. Unga ulikuwa umebomoka. Upande mmoja sisimizi walikuwa wametoboa, na ncha yote imeporomoka kama ukuta ulionyeshewa.

"Bibi, wamekataa," nilisema.

Hakushtuka. Aliinama akawapuliza sisimizi taratibu, mpaka wa mwisho akaondoka.

"Hawa walikuwa na njaa," alisema. "Wazee wetu hawali hovyo hivi."

Kisha akaukusanya unga kwa viganja, akaanza kuumwaga upya, akitaja majina yote. Alipofika kwa mumewe alisita, pale pale shemeji yake aliposita, halafu akaendelea. Akafunika chungu, akanirudisha kulala. Jua lilipotoka aliwaita watu wote, akamwambia Saidi afunue kwa mkono wake mwenyewe. Mzee yule alilitazama lile rundo lenye ncha kali, akakaa chini. Mama alishuka kwenye mizigo akaanza kufungua mafundo.

Nimesoma vitabu vinavyoeleza kwa nini watu wa milimani walishuka miaka ile: udongo uliochoka, nguruwe mwitu mashambani, kodi, njaa. Yote ni kweli, na mdogo wangu alikua vizuri kwa sababu udongo wa bonde lile ulikuwa mzuri. Bibi na Saidi waliishi huko hadi walipokufa. Sikuwahi kuwaona wakila kwenye mkeka mmoja, na sikuwahi kumsikia Bibi akisema amesamehe.

Baba, uzeeni, aliwasimulia wajukuu kwamba wazee walitukubali usiku ule ule wa kwanza. Nilimwacha asimulie. Mimi nadhani wazee, kama walikuwapo, walitukataa. Lakini unga ulipomwagwa mara ya pili, walimjibu mwanamke aliyekuwa amelingoja jina moja kwa miaka thelathini, na asubuhi ile alikuwa amekwisha kulisikia.