Kamusi Niliyofungia Karanga

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa msichana, nauza karanga kando ya barabara huko Murara, huku nikikariri Kiingereza kwenye daftari kwa sababu nilitamani sana kazi ya ukalimani. Karatasi za kufungia zikaniishia. Nyumbani kulikuwa na kamusi nene ya Kilatini ya babu yangu, aliyesoma seminari akaiacha kabla ya upadre. Yeye alikuwa amekwenda Masisi msibani. Nikajiambia, Kilatini kinasemwa na nani siku hizi? Nikaanza kuichana. Ujana huo, usinicheke.

Wiki ya tatu, kamusi ikiwa imebaki jalada, akaja askari mmoja wa kigeni, wa wale wa kulinda amani, ambaye lugha yake ni Kihispania. Alipomaliza karanga akaitazama karatasi, akatabasamu, akanisomea kwa kidole: fama, familia, famosus. Kwa Kifaransa cha kuokoteza akanieleza kwamba kwao ni fama, familia, famoso. Nikafungua daftari langu la Kiingereza. Fame, family, famous.

Lugha mbili nilizodhani hazijuani zilikuwa zimeyatoa maneno hayo mahali pamoja, kwenye Kilatini, na Kilatini chenyewe nilikuwa nimekichana kwa mikono yangu. Nilimwomba askari anirudishie karatasi yake, nikaacha beseni la karanga pale pale, nikakimbilia jalalani kuchakura karatasi walizotupa wateja.

Babu aliporudi nilimwekea mapajani jalada tupu na kurasa tano zenye mafuta. Nilisubiri makofi. Alizipapasa, maana macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, kisha akasema:

“Mutoto wangu, miye siwezi tena kusoma. Ile kitabu nilikuwa nakuwekea weye, juu nilisikia unajifunza Kingereza. Si ungeniuliza kwanza?”

Nililia kama mtu aliyefiwa. Ukalimani nilikuja kuupata, kwa kurasa zile tano na yale machache babu aliyoyakumbuka, lakini swali lake linanishtua hadi leo.

Basi, mwanangu, usidharau kitu cha mzee kwa kuwa wewe hujui kazi yake. Muulize angali yupo. Mungu akupe miaka mingi na mzee wa kumuuliza, na siku utakapozeeka wewe, akupe kijana atakayekuuliza kabla hajachana.