Kikombe cha Maji Nyumbani kwa Naibu wa Chifu

Sisi watu wa Busia tumetafitiwa hadi tumekuwa mafundi wa kutafitiwa. Mimi nilizaliwa Marachi, na kabla sijapata kazi ya kuuliza maswali nilikuwa nimeshayajibu mengi. Nilipimwa minyoo shuleni, vyandarua vyetu vikahesabiwa, na mgeni mmoja mwenye kofia kubwa akaja kuuliza kama choo chetu kina mlango. Kwa hiyo nilipopewa fulana na begi la mradi, nikatumwa kijiji kimoja si mbali na barabara ya Bumala, nilitembea kifua mbele.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Pale chemchemi palikuwa na tangi dogo la klorini juu ya nguzo. Unaweka jerikeni chini yake, unazungusha bomba mara moja, dawa inadondoka, unachota maji unaenda zako. Watoto wa kijiji kile walikuwa wakiharisha sana, na mradi ulitaka kujua nani anatumia dawa na nani anaipita tu. Mimi nilizuka nyumbani kwa mtu bila taarifa, nikamuuliza kama maji yake ya kunywa ameyatia dawa, kisha nikaomba kikombe. Nilimimina kidogo kwenye kichupa, nikatia tembe, nikatikisa. Yakigeuka rangi ya waridi, dawa imo. Yakibaki vilevile, haimo.

Watu walisema wanatia. Mama mmoja aliapa kwa marehemu mamake huku kichupa kikimsuta mbele ya macho yetu sote wawili. Sikuruhusiwa kubishana wala kucheka. Niliandika alichosema mtu, na kando yake nikaandika kilichosema kichupa. Na kabla ya lolote nilimsomea kila mmoja karatasi ya ahadi: majibu yako ni siri, hayatafika kwa jirani, kwa chifu wala kwa mtu wa nyumbani mwako. Akikubali, anatia sahihi.

Zilikuwepo nyumba tatu zilizonikosesha raha. Zilipakana na chemchemi, ungeweza kulirushia lile tangi kokoto ukalipata, lakini maji yake hayakubadilika rangi hata siku moja. Nilipofika mara ya tatu, mwenye nyumba ya kwanza, mjane wa makamo, alichoka na kichupa changu.

"Wewe ni wa wapi?"

"Marachi, mama."

"Aa, kumbe si mgeni. Kuja nikuonyeshe."

Akanipeleka nyuma ya jiko. Palikuwa na pipa la busaa, ile pombe ya kienyeji iliyopigwa marufuku, limefunikwa gunia, povu linatokota lenyewe bila moto.

"Hii dawa yenu inaua busaa," alisema. "Nilijaribu mara moja. Kimea ilikataa kuamka kabisa, nikamwaga pipa mzima, customer wangu wakahamia kwa jirani. Sasa nitakula klorini?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Ofisini kwetu watu wenye digrii zao walikuwa wamejaza ukuta mzima na sababu zinazowafanya watu wasitumie dawa: umbali, elimu, imani. Kimea hakikuwamo.

Yeye hakucheka. "Usiniseme, dada. Mimi sina shamba. Hii pipa ndio shamba yangu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ahadi ni ahadi.

Tatizo langu ni mdomo. Juma lile lile kulikuwa na baraza, na naibu wa chifu akaniuliza mbele ya watu kazi inaendaje. Nilitaka nionekane mwerevu. Nikamwambia kwamba walio karibu na chemchemi ndio hawatumii dawa kabisa, na akisikia sababu atavunjika mbavu. Hakuvunjika kitu. Alinitazama, akanialika chai kwake Alhamisi.

Alhamisi hakuzunguka.

"Madam, mimi nimekunywa hiyo busaa tangu ujana, so hiyo sababu naijua. Wewe nipe tu list ya nyumba zenye maji haibadiliki rangi. Kesho askari wanatoka Busia, tunamwaga, tunamaliza."

"Hiyo ni siri, mzee."

"Siri gani? Ni maji!" Kisha akanikumbusha kwa upole kwamba mradi uliingia kijijini kwa barua yake, na barua huweza kuondolewa.

Niliona pipa la yule mama likimwagwa, na kazi yangu ikimwagwa pamoja nalo. Hapo ndipo utundu uliponipanda, kwa sababu nilikuwa najua jambo ambalo yeye hakulijua. Juma lililotangulia nilikuwa nimefika hapo hapo kwake, yeye hayupo, na mkewe alinijibu bila kupepesa: "Mimi siwekangi, dada. Inaharibu chai. Mzee anadhani naweka, vile anaihubiri kila baraza. Andika ukweli." Katika kijiji kizima ni yeye peke yake aliyewahi kuniambia hapana kabla sijatoa kichupa.

"Sawa, boss," nikasema. "Lakini kwanza nikuonyeshe kipimo kinavyofanya kazi, usije ukaulizwa na askari ukakosa jibu."

Akafurahi. Akaita maji. Mkewe akayaleta kwenye kikombe juu ya sinia, akaona kichupa mkononi mwangu, akanitazama. Nikatia tembe, nikatikisa. Tukangoja. Hayakubadilika.

"Hiyo dawa yako ime-expire," alisema naibu.

Nikatia nyingine. Hayakubadilika.

"Basi mzee, hiyo list askari waianzie hapa?"

Naibu alimgeukia mkewe. "Si wewe huweka dawa?"

"Leo nimesahau," alisema mama yule, akachukua sinia, akaondoka.

Habari ya orodha iliishia hapo. Naibu alisema askari wana kazi nyingi mjini, akaanza kunisimulia mambo ya ng'ombe wake. Nilirudi na boda boda nikiimba kwa sauti hadi dereva akaniuliza kama nimeposwa. Ijumaa hakuja askari yeyote, na yule mjane hakujua kamwe alivyoponea chupuchupu. Kwa siku kadhaa nilijiona mwanamke mwerevu kuliko wote kuanzia Malaba hadi Bumala.

Mwezi uliofuata tulianza raundi mpya, na zamu ya nyumba ya naibu ikafika. Mwenyewe hakuwepo. Mkewe alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Nikatoa karatasi ya ahadi, nikaanza kumsomea. Nilipofika kwenye neno siri nikaacha kusoma. Aibu niliyoiona pale sijawahi kuiona tena.

"Ruka hiyo, dada," aliniambia taratibu. "Uliza tu."

Nikamuuliza kama maji yake ameyatia dawa.

"Ndiyo. Natia kila siku."

Kikombe kilikuwa mezani, na tembe ikazama ndani ya kichupa bila kuacha rangi yoyote. Tulikitazama pamoja. Kisha nikaandika ndiyo, kama alivyosema.