Kadi Nitazichoma, Sentensi Ile Sitaisema

Kupiga ramli ni kudai kwamba unajua lililofichika, kwa njia ambayo mwingine hawezi kuichunguza, ili akutii. Naomba muishike maana hiyo yote, kwa sababu hilo ndilo ninaloshtakiwa. Msimamizi wa kundi hili la ushauri, jina langu lifiche. Hoja zangu ziache wazi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mwalimu wa sekondari hapa Bunia, ninakaa mtaa wa Lumumba. Kwetu ni Mahagi. Nimekuzwa katika Ukatoliki na sijauacha. Nina kadi za taro, zile ambazo wengine huzitumia kupigia ramli, nilizopewa na rafiki niliyesoma naye Kisangani. Ni picha: mnara unaopigwa na radi, mzee mwenye taa, mwanamke anayefumba kinywa cha simba. Simtabirii mtu kesho yake. Ninaweka picha mezani, ninamuuliza anaona nini, na anayesema ni yeye. Sidai kujua, picha iko wazi mbele ya macho yake, wala simwamuru lolote. Nikiwa peke yangu nazitumia pia, kwani akili ikiachwa yenyewe hujiuliza maswali ambayo majibu yake tayari inayapenda. Kadi niliyoichomoa bila kuichagua hunifikisha kwenye swali ambalo ningelikwepa. Hapo pepo yuko wapi?

Mchumba wangu ana duka la mabati na misumari. Familia yake ilitoka Butembo, sasa wako mtaa wa Rwambuzi, hapa hapa Bunia. Tulijuana siku aliponiletea mabati ya jiko. Aliziona kadi mezani, akacheka, akachomoa moja: mtu aliyening'inizwa kwa mguu, kichwa chini. Kicheko kikamkatika.

"Uyu njo miye mu shimo," akasema.

Ndipo nikajua kwamba alikuwa tayari kufunga duka na kuwafuata binamu zake kwenye mashimo ya dhahabu huko Nizi, ambako udongo ulimfunika kaka yake mkubwa akafa. Aliogopa, na aliona haya kuogopa mbele ya wanaume wenzake. Hakuwa amemwambia mtu. Nilimuuliza jambo moja tu: akibaki, atakuwa amepoteza nini? Alijibu kwa muda mrefu, akijibishana na nafsi yake. Hakwenda. Mama yake hushuhudia hadi leo kwamba sala zake ndizo zilizomzuia. Sipingi, huenda ni kweli. Lakini mwanawe anajua hofu ile aliitamka wapi.

Mwezi uliopita, mazungumzo ya mahari yakiwa yamekwisha, mama yake na shangazi yake walinitembelea bila taarifa wakazikuta kadi. Shangazi akazishika kwa ncha za vidole. "Na ile makarata yako, haikukuambia kama leo tutakuja?"

"Haikuniambia, mama. Njo maana munanikuta bado kuosha masahani."

Shangazi alikaribia kucheka. Mama hakucheka.

Siku chache baadaye niliitwa Rwambuzi kusikia sharti la mama. Kadi zichomwe uani kwake, kisha nisimame mbele ya kikundi chake cha maombi niseme kwamba nimekuwa nikiongea na pepo na kwamba nilimvuta mwanawe kwa nguvu hizo. Kuchoma nilikubali papo hapo. Zinanifaa, zitaniuma, lakini amani ya nyumba ni kubwa kuliko karatasi. Sentensi nilikataa, kwa sababu ni ya uongo mwanzo hadi mwisho. Nikaomba, kwa adabu, niruhusiwe kusema lililo kweli: kwamba nimeziacha kwa heshima yake.

"Apana," akajibu taratibu. "Mutu haombake musamaha juu ya heshima. Anaombaka juu ya zambi."

Muda wote huo mwanawe alitazama sakafu. Alikuwa na neno moja la kusema: kwamba kadi ile aliichomoa yeye, kwa mkono wake. Hakulisema. Aliponisindikiza hadi kwenye pikipiki alinishika mkono.

"Sema tu, cheri. Ni maneno tu. Bamama batatulia, siye tuoane."

Kuitwa mulozi, yaani mchawi, sikulilii. Ninaumizwa na maneno hayo ya kwenye pikipiki. Dada yangu ananiambia kwamba kwa umri wangu mtu habishani na mlango uliofunguliwa. Namjibu kwamba nitaingia nikiwa nimesimama wima, au nitabaki nje. Msinishauri kusali, ninasali. Msiniambie wanaume ni wachache, najua kuhesabu.

Mchumba wangu analisubiri jibu kabla ya ndoa kutangazwa kanisani. Basi nishaurini, ila jibuni swali ninalouliza, si lile mnalolipenda: ikiwa yasemwayo mbele ya Mungu ni maneno tu, hiyo "ndiyo" atakayonipa altareni itakuwa nini?