Chatu Katika Kichaka cha Nguruwe

Nilipokuwa mtoto, kisa hiki nilikisikia kwanza kwa shangazi Risper, dada ya baba, mwaka uleule kilipotokea, akiwasimulia wanawake waliokuwa wakikusanya omena, dagaa wa ziwani, ufukweni Usenge. Nilikuwa nimekiona kwa macho yangu, lakini yeye ndiye aliyekipa mpangilio, nami nimeulinda.

Mwaka huo mvua ilichelewa, na nguruwe mwitu wakavamia muhogo wa nyanya, mama yake baba. Walifukua mashina kwa pua, wakang'ata hapa na pale, wakaacha mengine yaoze. Muhogo ule ndio uliokuwa chakula chetu mpaka mahindi yakomae. Askari wa wanyamapori waliahidi kuja, hawakuja. Basi baba mdogo Ochola akakusanya wanaume wenye mikuki na mbwa, wakafuata nyayo asubuhi hadi kwenye kichaka kikubwa kati ya shamba na ziwa. Sisi watoto tulifuata kwa mbali, nyanya akiwa mbele yetu.

Mbwa waligoma kuingia. Ochola alichungulia, akarudi kinyumenyume. Chatu alikuwa amejikunja juu ya mayai yake.

"Leteni kiberiti," akasema. "Nguruwe wako humo ndani. Wakitoka tunawamaliza, na huyu aende zake."

"Mwenye mayai haendi zake," nyanya alisema. "Hapa hapawashwi moto."

Kwetu chatu akitokea karibu na boma huitwa mgeni. Huja na mvua, na anayemuua hulima vumbi.

"Mama, tutakula muhogo au tutakula mgeni?"

"Wewe ulikula muhogo wangu mpaka ukaota ndevu. Funga mbwa."

Wanaume walicheka. Mmoja alisema basi mama amtume huyo mgeni alinde shamba.

"Nitamtuma," nyanya akajibu, bila kutabasamu. Akaagiza kuku, akamfunga miguu, akamwacha ukingoni mwa kichaka awe chakula cha mgeni.

Usiku huo nguruwe walirudi, wakala mstari mwingine. Asubuhi Ochola alikuja. Alizunguka tu shambani, akihakikisha mama yake anamwona. Usiku uliofuata hawakuja, wala baada ya hapo. Kabla ya mwezi kwisha mvua ilinyesha, na muhogo uliosalia ukatufikisha kwenye mahindi.

Leo najua kwamba chatu hula watoto wa nguruwe, na kwamba mvua ya ziwani ina njia zake. Sioni kama hilo linampunguzia nyanya chochote. Alikuwa na shamba moja la kulisha watu wengi, akaliweka rehani kwa neno alilorithi, huku wanawe wakimcheka. Asubuhi ile ya pili, aliposimama mbele ya mashina yaliyofukuliwa, angeweza kuomba kiberiti. Alishika jembe akafukia mashimo.

Nyanya amefariki, na shangazi Risper pia. Kati ya wawindaji wale yu hai Ochola peke yake, naye analima shamba lilelile. Ukimuuliza, atakwambia ilikuwa mvua tu. Kichaka hajakichoma.