Pasi ya Sokoni, Siku ya Kumzika Bibi

Enzi zile za utawala wa jeshi, mtu wa Lumino, upande wa Uganda, aliyetaka kuvuka mpaka pale Busia na kurudi siku hiyo hiyo alipewa pasi ya sokoni: uende asubuhi, urudi kabla lango halijafungwa jioni. Pasi ya msiba ilikuwapo, lakini ilitolewa Tororo, nayo ilichukua muda mrefu kuliko maiti anavyoweza kungoja. Kwa hiyo bibi mzaa mama alipofariki upande wa Kenya, mama alichukua kikapu.

Nilimsindikiza. Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, nikisomea siasa, na nilijiandaa kumweleza askari haki za watu wa mpakani. Mama alinitazama mara moja tu. Nikabaki na elimu yangu mdomoni kama kiazi cha moto.

"Mama, nakwenda wapi?" askari akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Soko."

"Leta sabuni."

"Nitaleta, mwanangu."

Kwetu Usamia, binti aliyefiwa huanza kulia angali njiani, ili asikike kabla hajaonekana. Mama alipita soko zima kimya. Tulipoliacha duka la mwisho akaangua kilio ambacho sijakisikia tena kwa mtu yeyote.

Lakini nyumbani kwao waliona kikapu.

"Wenzako wamekuja na mikeka ya kulalia matanga," mdogo wake akamwambia. "Wewe dada umefuata sukari?"

Mama alitaka jambo moja tu, kumtupia mama yake udongo. Kaburi lilikwisha chimbwa, jeneza lilikuwa uani. Ila mjomba alikuwa bado njiani kutoka Mombasa, na kwao mzazi hazikwi kabla mwanawe wa kwanza hajafika. Mama akawasihi wazee. Mmoja akamjibu kwa upole, "Binti yetu, hapa hatuziki kwa saa ya serikali."

Jua lilipoanza kushuka, akasimama. Jirani yetu mmoja aliwahi kulala ng'ambo; askari wakaja kumchukua mumewe, na mume huyo hatukumwona tena. Baba alikuwa nyumbani akitungoja. Mama akapiga magoti, akaweka shavu juu ya jeneza, akanong'ona kwa Kisamia maneno ambayo sikuyasikia. Mdogo wake hakumuaga.

Njiani alinawa uso kisimani. Tukanunua sabuni.

Askari alikuwa yule yule. "Mama, macho mekundu hivi! Nakunywa pombe ya Kenya?"

"Tamu kuliko ya kwetu, mwanangu."

Wenzake wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, kicheko kizuri kabisa cha mtu aliyetoka sokoni, nami msomi nikacheka pia. Hakunyamaza mpaka lango lilipofungwa nyuma yetu. Tulikuja kuambiwa kwamba wakati huo ndipo mjomba alipokuwa akishuka kwenye basi.