Jina Kwenye Ubao wa Base Camp

Nilipokuwa namaliza chuo Mbarara, karani alibandika matokeo yetu ukutani kwa gundi ya unga wa muhogo, ile inayopikwa kama uji. Harufu yake chachu ikanifikia, nikaondoka kabla sijatafuta jina langu. Wenzangu walidhani naogopa kufeli. Ninyi nitawaambia kweli.

Harufu hiyo ni ya ubao wa Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Kila Ijumaa yalibandikwa pale majina ya wakimbizi walioitwa kwenye mahojiano ya kuhamia ng'ambo. Ukikosa siku yako, faili lako lilirudi chini kabisa. Watu wasioona vizuri walituma watoto wakawasomee. Mimi nilimsomea Mama Nabintu, mwalimu wetu wa Ekodim, kama Wakongo tunavyoita shule ya Jumapili.

Utando mweupe ulikuwa umeanza kufunika macho yake. Binti yake, mtoto pekee aliyebakiwa naye baada ya vita vya Kivu, alikuwa Kanada, na Mama alingoja kumfuata. Huku akingoja, alitulea sisi watoto arobaini, kwenye viti vya udongo, chini ya shitingi, turubai la plastiki lililopigwapigwa na upepo. Mimi alinifundisha kusoma kwa Biblia yake iliyoliwa na mchwa pembeni.

Kabla ya somo, kila mtoto alisimama akataja kosa lake moja la wiki ile.

"Nilitupia mbuzi wa pasta jiwe."

"Mungu amesikia," Mama alijibu. "Ikala." Mtoto akaketi.

Siku moja niliuliza: kama Mungu anajua yote, tunamwambia ya nini? Rafiki yangu Bahati akacheka. "Huyu atauliza mpaka mbinguni, bamufukuze!"

Mama hakucheka. "Si juu Mungu hajue, Riziki. Ni juu weye usibakie nayo peke yako."

Kisha ikaja Ijumaa niliyoliona jina lake, mstari wa nne: aende Jumanne. Nilikodoa macho hadi mwanamume aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma.

"We mtoto, unasoma ao unabatiza kila jina?"

Nilikuwa naiona shitingi ile bila yeye. Nani mwingine angevumilia maswali yangu? Nyumbani nilikuwa naambiwa ninyamaze. Nikamkuta mlangoni pake akichoma hindi.

"Jina yangu iko?"

"Haiko, Mama."

Akanimegea nusu ya hindi. "Aksanti, macho yangu."

Jumanne ile alishinda shambani akipalilia maharagwe. Jumapili nilisimama mbele yake, nikasema tu nimemtukana dada yangu.

"Mungu amesikia. Ikala."

Ijumaa iliyofuata alinituma tena ubaoni, na zilizofuata pia, kwa miaka miwili, hadi aliponihangaikia nafasi ya sekondari Nyamitanga, huko Mbarara. Jina lake halikurudi. Binti yake hakumwona tena.

Tulimzika Mama mwezi mmoja kabla ya matokeo yale ya chuo. Makaburini nilimwambia Bahati kwamba Mama alikuwa akiniamini mno. Akanishangaa.

"Weye hukujua? Jirani yake alikuwa kwa mahojiano Jumanne ile. Alisikia bakimuita mara tatu. Alikuja kumuambia siku ileile. Mama akamukataza kusema; ametuambia jana tu, kwa matanga."

Jirani huyo alijua kusoma. Mama hakuhitaji macho yangu tena. Bado alinituma, na Jumapili akanisimamisha mbele yake.

Chuoni nimejifunza kuhoji kila kitu, na Mungu nimemhoji kuliko vyote. Hajanijibu. Wakati mwingine namkasirikia Mama pia: kwa nini hakunichapa tu, yakaisha? Sijui kama yupo anayesikia. Najua tu kwamba kwa miaka miwili, kila Jumapili, mwanamke huyo aliketi akinisubiri niseme, nami nilisimama nikasema habari za dada yangu.